Upasuaji wa Parkinson: mapema ni lini?

Watu wakisikia nina ugonjwa wa Parkinson hunitumia video ile ile. Mwanamume wa makamo amekaa kitini, mkono unatikisika hata kikombe hakishikiki. Anabonyeza kidude cha kuwasha umeme kwenye waya aliowekewa ubongoni, mkono unatulia tuli, ananyanyua chai yake anakunywa. Nimetumiwa na shemeji yangu aliyeko Muscat, na jirani yangu wa hapa Ngamiani, Tanga, na mpwa wangu anayesomea uuguzi Dar es Salaam. Huyu wa mwisho ndiye aliyeongeza maneno: "Shikamoo mjomba. Siku hizi wanaiweka mapema, hawangoji mtu aishe. Chelewa chelewa, mjomba, utamkuta mwana si wako."

Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa kwa kirefu, maana swali lako limenikosesha usingizi na najua si langu peke yangu.

Mimi ni fundi redio. Nimekula na kulea kwa risasi ya kulehemu na bisibisi, kwanza redio za kaseti, kisha televisheni, sasa spika kubwa za sherehe na simu. Mtu akiniambia umeme umetuliza mkono wa mgonjwa, siishii kustaajabu. Nataka kujua mkondo ni kiasi gani, mapigo mangapi kwa sekunde, betri inakaa muda gani, na kikiharibika anakitengeneza nani. Nimeyafuatilia hayo yote kwa muda mrefu, kwa msaada wa daktari wangu na wa mpwa huyu huyu anayenisomea yaliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu.

Kwanza ugonjwa wenyewe ulivyoniingia, kwa sababu neno "mapema" linaanzia hapo. Bega la kulia lilikaza. Hospitali moja ikasema baridi yabisi, nikapewa dawa za maumivu na za kuchua, nikarudi tena, nikapewa zile zile. Wakati huo huo nikawa sisikii harufu ya risasi ikiyeyuka, harufu niliyokuwa nayo puani tangu ujana. Halafu mwandiko. Kila redio ninayopokea huibandika karatasi yenye jina la mwenyewe na ubovu wake; mke wangu akazisoma siku moja akasema, "Baba, mbona siku hizi unaandika kama sisimizi wanapita?" Herufi zilianza kwa ukubwa wa kawaida zikaishia kuwa nukta. Mtetemo ndio ulikuja mwisho, na ulikuja kwa namna iliyowachanganya watu: mkono ukipumzika pajani unatikisika, nikiunyoosha kushika bisibisi unatulia. Wateja wengine walidhani najitia. Mzee mmoja wa msikitini aliniita pembeni kunishauri nikasomewe.

Daktari wa mishipa ya fahamu aliyenitambua, Dar es Salaam, hakunitoa damu wala kunipiga picha siku ile. Alinifanya nitembee ukumbini, akatazama mkono wa kulia usivyopunga. Akaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, akaona vinavyozidi kusinyaa mwendo. Akanipa karatasi niandike. Basi. Nilikuwa na miaka 50.

Nchi yetu imewahi kupimwa jambo hili. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu karibu 161,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa wa Parkinson 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba huo ni ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Huwa nawafikiria sana watu wale. Wako waliokuwa wakijulikana kijijini kwa uzee, au kwa kurogwa, na kumbe kidonge kingewarudishia mkono.

Kidonge chenyewe ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Ndani ya shina la ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza dopamini, na dopamini ndiyo inayolainisha mwendo wa mwili. Seli hizo zinakufa polepole. Hadi mtu anaanza kutikisika, sehemu kubwa imeshapotea. Levodopa huingia ubongoni ikageuzwa dopamini, na kabidopa kazi yake ni kuilinda isigeuzwe njiani kabla haijafika. Tangu George Cotzias aonyeshe mwaka 1967, huko New York, kwamba dozi kubwa ya kumeza inafanya kazi, hakuna dawa iliyoipita. Mimi nilipoianza, baada ya wiki chache niliunganisha waya wa spika nyembamba kabisa bila kumwita kijana wangu wa dukani anishikie. Mke wangu alilia. Mimi pia.

Lakini kidonge kina tabia yake. Miaka ya mwanzo unameza, mwili unakaa sawa mchana kutwa. Ugonjwa ukiendelea, dawa inaisha nguvu kabla saa ya dozi nyingine haijafika, mtu anakwama. Ukiongeza, mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe dawa inapokuwa juu. Mtu anaishi akiwa amebanwa kati ya kukwama na kujinyonganyonga, saa hadi saa. Hapo ndipo upasuaji ulipozoeleka kutajwa, na ndiyo maana wengi wetu tumeujua kuwa ni jambo la mwisho, la mtu aliyeshindikana.

Historia yake inanifurahisha kifundi. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid alikuwa akifanya upasuaji wa zamani wa kuunguza sehemu ndogo ndani ya ubongo, kwenye thalamasi, ili kuua mtetemo. Kabla ya kuunguza ilikuwa desturi kupitisha umeme kidogo kuhakikisha wako mahali panapostahili. Yeye akacheza na kasi ya mapigo. Kwa kasi ndogo mtetemo ulibaki au ukazidi. Alipokaribia mapigo 100 kwa sekunde, ukakoma. Akizima, unarudi. Kila fundi ajuaye kuzungusha kitufe mpaka stesheni ishike ataelewa alichokisikia moyoni mwake. Umuhimu wake ni mkubwa: kilichounguzwa hakirudi, lakini umeme unaweza kuongezwa, kupunguzwa, au kuzimwa kabisa.

Baadaye, mwaka 1993, kundi lake likahamia kwenye kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi. Mmarekani Mahlon DeLong na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwa nyani kwamba dopamini ikipungua, kiini hicho hufanya kazi kupita kiasi na kuvuruga mwendo. Benabid na DeLong walipewa pamoja tuzo ya Lasker mwaka 2014, na naona ilistahili.

Kifaa chenyewe ni hivi. Waya mwembamba wenye ncha ndogo za chuma, kwa kawaida nne, unaingizwa ubongoni kupitia tundu la fuvu, mara nyingi pande zote mbili. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati wa kutafuta mahali, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu, na madaktari wanataka kuuona mkono ukitulia mbele yao. Waya unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio na shingoni hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani, chini ya mtulinga. Mapigo kama 130 kwa sekunde, kila pigo maikrosekunde 60, mkondo wa miliampia chache tu. Mkondo mdogo mno. Nilipoeleweshwa hivyo nilikaa kimya nikiitazama mita yangu ya kupimia umeme.

Umeme huu hautibu ugonjwa. Hilo video haisemi. Seli zinaendelea kufa. Kwa kawaida kile ambacho levodopa inakisaidia ndicho umeme utakachokisaidia, isipokuwa mtetemo ambao unaweza kutulia hata kama vidonge vimeushindwa. Kuyumba, sauti kufifia na kusahau si mambo ya kutegemea yapone. Sauti wakati mwingine huharibika zaidi.

Sasa, mwanangu, mapema.

Nimegundua watu wawili wanaweza kusema neno hilo na kila mmoja akawa na maana yake. Utafiti mkubwa ulioubadilisha mjadala ulifanyika Ujerumani na Ufaransa, ukachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 251, wastani wa miaka 52, nusu wakapewa waya pamoja na dawa, nusu dawa bora peke yake, wakafuatiliwa miaka 2. Waliowekewa waya, ubora wa maisha yao ulipanda kwa asilimia 26. Waliobaki na dawa peke yake hawakusogea. Lakini watu hao walikuwa wameugua wastani wa miaka 7 na nusu, na kule kukwama na kujinyonganyonga kulikuwa kumeshaanza, ila si kwa zaidi ya miaka 3. Huko ndiko "mapema" kwao: mapema kuliko desturi, kabla mtu hajaacha kazi na kujifungia ndani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu kifaa kwa mtu aliyeugua angalau miaka 4 na ambaye matatizo hayo ya dawa yameanza karibuni. Kabla ya hapo, ruhusa ya mwaka 2002 ilikuwa ya walioathirika sana tu.

Mapema ya pili ni ya Nashville, Marekani, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Huko David Charles na wenzake waliwachukua watu 30 waliokuwa wametumia dawa kati ya miezi 6 na miaka 4, ambao dawa ilikuwa bado haijawasumbua hata kidogo. Yaani watu wa aina yangu. Matokeo ya miaka 5 yalitoka mwaka 2020: waliowekewa waya mapema walihitaji dawa chache kuliko wenzao waliobaki na dawa peke yake, na mtetemo wao haukuzidi kwa kasi ya wenzao. Habari njema, na ninawaombea heri. Lakini watu 30 ni wachache, na wenyewe wanasema hivyo. Kazi yake ilikuwa kujaribu usalama na kufungua njia ya jaribio kubwa. Haikuthibitisha kwamba waya unapunguza kasi ya ugonjwa wenyewe, ingawa wengi wanaoisambaza wanaisimulia hivyo.

Kwa hiyo ukiniambia wanaiweka mapema, nitakuuliza: mapema ya wapi? Ya kwanza naiamini. Ya pili naisubiri.

Kuna sababu moja ya kusubiri ambayo sikuijua mpaka daktari wangu aliponieleza. Miaka ya mwanzo kuna magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson, yanayokaza mwili na kumfanya mtu aende polepole, na hata bingwa anaweza asiyatofautishe hadi muda upite. Magonjwa hayo hayasaidiwi na waya. Anayekimbilia kutobolewa fuvu mwaka wa kwanza anaweza kutobolewa kwa ugonjwa ambao hana. Muda nao unapima.

Na upasuaji ni upasuaji. Kwenye ule utafiti wa watu 251, matatizo makubwa ya kiafya yaliwapata asilimia 54.8 ya waliowekewa waya, na asilimia 44.1 ya waliotumia dawa tu. Mengi yalipona. Lakini damu kuvuja ubongoni si mchezo, na maambukizi kwenye betri yanaweza kulazimisha kila kitu kitolewe. Wapo pia wanaobadilika hisia. Familia inapaswa kuambiwa hilo kabla, maana wao ndio watakaoliona kwanza.

Sasa niseme kama fundi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona video zinawadanganya watu wetu zaidi. Upasuaji ni siku moja. Kazi inayofuata ni ya miezi, na kisha ya maisha. Waya ukishakaa, mtaalamu anakaa na mgonjwa akijaribu ncha hii na ile, akipandisha mkondo kidogo, akiuliza ulimi unakuwa mzito au la, huku dawa zikipunguzwa kwa utaratibu. Mtu anarudi, anarekebishwa, anarudi tena. Betri ya kawaida hudumu miaka michache tu, kisha inabadilishwa kwa upasuaji mwingine mdogo. Zile za kuchaji hudumu miaka mingi zaidi. Ikizimika ghafla kwa mtu aliyeizoea, ugonjwa unamrudia kwa nguvu, na inaweza kuwa hatari. Nimeona mashine nyingi nzuri za kutoka ng'ambo zikifia Tanga kwa kukosa fundi na kipuri. Sitaki iwe ndani ya kifua changu. Anayefikiria kwenda kuwekewa nje ya nchi aulize kwanza, kabla hata ya bei, nani ataishika ile mashine ya kurekebishia baada ya yeye kurudi nyumbani, na kutoka kwake hadi kwa huyo mtu ni safari ya namna gani. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam peke yake, kupitia Segera na Chalinze, ni kilomita karibu 350 za kukaa kwenye basi ukiwa na mwili unaokaza.

Tena kuna mazingira ya kazi. Wenye kifaa hiki hutahadharishwa kuhusu sumaku zenye nguvu, zikiwemo za spika kubwa, na kuhusu mashine za kuchomelea vyuma. Njoo uone dukani kwangu: spika zimepangwa hadi darini, na ukuta wa pili ni wa jirani yangu anayechomelea mageti. Yapo pia matibabu ya joto la umeme ambayo mtu mwenye waya hapaswi kufanyiwa kabisa, hata ya goti, na inabidi kila mhudumu wa afya utakayekutana naye maishani alijue hilo. Mambo haya si ya kuniogopesha nisiende. Ni ya kupangwa mapema, na hapo ndipo mapema inapokuwa na maana kubwa kwangu.

Maana nina lawama yangu pia, na si ndogo. Sisi tunalisubiri jambo hili kupita kiasi. Mgonjwa anaachwa hadi ameacha kazi, ameanguka mara kwa mara, akili imeanza kuchoka, ndipo mtu anataja upasuaji, na wakati huo hafai tena. Kuna mlango unaofunguka, kwa kawaida pale dawa inapoanza kuisha kabla ya saa yake huku ikiwa bado inasaidia vizuri, na mlango huo unafungwa. Mgonjwa wa Tanga ana haki ya kuambiwa kwamba upo, akiwa bado ana nguvu za kuuliza na kukusanya fedha.

Kabla ya mlango huo, kuna dawa. Levodopa inayopatikana leo na kukosekana mwezi ujao ni balaa. Kuiacha ghafla ni hatari. Mimi huhesabu vidonge vyangu mapema na kuagiza kabla havijakwisha. Nimejifunza kumeza kwa maji nikiwa na tumbo tupu, mbali na samaki na maharage, kwa kuwa protini hushindania njia ile ile ya kuingia. Ramadhani ya kwanza nilitaka kufunga kama kawaida. Daktari akakataa, nikaenda kwa shehe wetu nikamweleza dozi zangu za mchana. Akanisikiliza hadi mwisho akaniambia mgonjwa wa namna yangu anatoa fidia, na kwamba nisijitese kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliwekea ruhusa. Nililipokea kwa uzito, lakini nililipokea.

Na wale mnaoniletea mbegu za upupu zilizosagwa: ni kweli kabisa, upupu una levodopa ndani yake, na wanasayansi wameufanyia majaribio kwa wagonjwa. Lakini kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kabidopa haimo. Mtu anayetumia vidonge akiongeza na upupu kwa siri anajipa dozi asiyoijua. Mwambieni daktari.

Jibu langu kwako basi, mpwa wangu, ni kwamba leo siendi. Dawa bado inanishika kutwa. Lakini nimeanza daftari: saa ya kumeza, saa mkono unapofunguka, saa unapoanza kukaza tena. Siku nafasi kati ya dozi na dozi itakapoanza kufupika, nataka niione kwenye karatasi kabla sijaisikia mwilini, na nataka niwe nimeshaonana na daktari wa upasuaji wa ubongo kabla simhitaji. Kliniki ijayo nakuomba uje nami, mimi nitauliza, wewe uandike: ni dalili gani zangu ambazo waya ungesaidia na zipi hapana, vipimo gani vya kumbukumbu na hisia vinatangulia, betri ya aina gani, spika zangu zikae umbali gani. Na nani, kwa jina na namba ya simu, atakayeirekebisha mashine ya mtu anayeishi Ngamiani. Wakinijibu hilo la mwisho, nitaandika tena.